Mwaka Mmoja wa Pindo

Mtoto akifika uwanjani kwa mara ya kwanza hapelekwi kwa kocha, anapelekwa kwa Bi Futi. Ndivyo klabu ile ilivyozoea tangu ianzishwe, na mgeni angeweza kudhani ni klabu ya ushonaji inayocheza mpira ili kupoteza muda. Bi Futi hukaa kwenye baraza ya duka lake, nyuma kabisa ya goli la upande wa barabara, cherehani mbele yake, chaki nyuma ya sikio, na futi ya kupimia ikining'inia shingoni mchana kutwa. Futi hiyo ndiyo iliyompa jina. Jina alilopewa na wazazi wake walibaki wanalijua watu wawili, na mmoja wao, mumewe, keshatangulia mbele ya haki.

Alikuwa katibu wa klabu kwa sababu moja nzito: yeye peke yake ndiye aliyekuwa na daftari. Kocha alikuwa fundi mwashi mwenye sauti ya kubomolea kuta na moyo laini wa kushangaza, lakini hakuwahi kuandika kitu kirefu kuliko namba ya simu kwenye ukuta alioujenga mwenyewe. Basi majina ya wachezaji yakaingia kwenye daftari la vipimo, lile la jalada gumu la bluu, katikati ya sare za kwaya na mapazia ya watu. Bega, kifua, urefu wa mkono, urefu wa bukta. Na pembeni, umri.

Hapo kwenye umri ndipo palipokuwa na kazi. Watoto wa klabu ile si wale wa keki na mishumaa. Wengi walikuwa wamepita mikononi mwa watu watatu wanne kabla ya kufika mtaani: mama kafariki, baba kaenda kutafuta na hajapata njia ya kurudi, bibi kazeeka, mjomba kachoka. Ukimwuliza mtoto wa namna hiyo amezaliwa lini, anakutazama kana kwamba umemwuliza siri ya nyumba ya jirani. Bi Futi hakuuliza mara mbili. Alizungusha futi begani, akashuka kifuani, akarudi nyuma hatua moja, akafumba jicho, kisha akatoa umri kama hakimu anayetoa hukumu: "Huyu kumi na mmoja." Tarehe nayo haikumpa shida. Asiye na siku ya kuzaliwa alipewa siku ileile aliyofika. "Umezaliwa leo," alimwambia, akampa pipi, na kila mwaka siku hiyo ikirudi alipewa nyingine.

Miaka arobaini kwenye cherehani, na jicho lake halikuwa likikosea sana. Alijua mtoto wa miaka tisa anavyokaa kwenye shati, na wa kumi na mbili anavyolitoka. Alichokosea, alikosea kwa makusudi, na kwa mtoto mmoja tu.

Mtoto huyo alikuwa msichana, na alifika peke yake, miguu mitupu, akiwa amevaa gauni lililokuwa la mtu mkubwa. Alisimama nyuma ya goli. Mpira ulipopita juu ya mwamba akaurukia, akaudaka kwa mikono miwili, akaanguka nao vumbini na hakuuachia mpaka kocha alipokuja kumwomba kwa upole. Kocha akamleta barazani akicheka. "Mama, mpime huyu. Huyu si mtoto, huyu ni kufuli." Jina likamganda hapohapo.

Bi Futi akapima. Bega, kifua, mkono. Akarudi nyuma hatua moja, akafumba jicho, na jicho likamwambia tisa. Tisa kamili, na hata hiyo tisa ilikuwa ya kumbembeleza. Ligi ya watoto ya mtaa ilikuwa haipokei aliye chini ya kumi.

"Una miaka mingapi, mwanangu?"

"Mingapi inatakiwa?" akauliza yule mtoto.

Bi Futi akacheka mpaka chaki ikamdondoka. Siku zote alikuwa akikata nguo ya mtoto kubwa kidogo na kuacha pindo nene chini, akue nayo, maana mtoto hukua na nguo haikui. Mama yake alimfundisha hivyo, na hakuna mzazi aliyewahi kurudi kulalamika. Akaona na hapa kuna ubaya gani? Akamwachia mwaka mmoja wa pindo. Akaandika: kumi, amezaliwa leo. Akampa pipi.

Kufuli akakua ndani ya mwaka ule. Akawa kipa ambaye timu za mitaa mingine zilikuja kumtazama kabla ya kumchukia. Mechi ikiisha alikuja barazani, akavua glavu, akaokota pini zilizoanguka chini kwa ncha za vidole vyake virefu na kuzichomeka moja moja kwenye kimto cha pini, huku akisimulia kila mpira aliodaka. Aliishi kwa shangazi yake, mwanamke mwenye watoto watano wa kuzaa na uchovu wa watu kumi. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Watu husema hivyo wakitaka kuanza kumsema mtu, lakini huyu kweli hakuwa mbaya. Alikuwa ameelemewa tu.

Miaka mitatu iliyopita Bi Futi alifanya jambo lililomfanya atembee kwa maringo mtaani kwa mwezi mzima. Watoto ishirini na wawili wa klabu, Kufuli akiwamo, walikuwa hawana cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hakuna mtihani wa taifa, hakuna matibabu ya bure, hakuna kitu. Aliwapanga mstari, akawapeleka ofisi ya vizazi na vifo, akaweka daftari la bluu mezani. Karani, kijana mwenye miwani na subira, alilipitia ukurasa kwa ukurasa, akamwita mkubwa wake, wakanong'ona, na mwishowe wakakubali: kwa kuwa hakuna kumbukumbu nyingine, daftari la klabu litakuwa ushahidi. Bi Futi akala kiapo. Vyeti ishirini na viwili vikapigwa mhuri. Kocha alilia hadharani na kusingizia vumbi la saruji.

Sasa basi. Mwaka huu, mwezi mmoja kabla ya shule kufunguliwa, alikuja mwalimu wa shule ya michezo, mama mwembamba mwenye filimbi mfukoni. Akakaa barazani kwa Bi Futi kwa kuwa hapakuwa na benchi jingine, akatazama mechi mbili, akaandika jina moja. Shule ilikuwa ya bweni. Masomo, chakula, kitanda, viatu, miaka minne, yote juu yao.

Shangazi alipoelezwa aliketi chini. Alikuwa amekwisha kumwahidi mtu. Kulikuwa na familia moja, mji wa mbali, yenye mapacha wachanga, na ilitaka msichana wa kazi. "Sina roho ya chuma," alisema. "Hiyo shule ikimchukua, aende, na Mungu awabariki. Isipomchukua, Jumamosi gari la hao watu linakuja, na mimi sina tena pa kumlaza. Watoto wangu wanalala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu."

Ikaonekana imekwisha, anakwenda shule. Kufuli alianza kuwagawia wenzake mali zake: mpira wa soksi, kitana, glavu kuukuu zenye tundu kwenye kidole gumba.

Jumanne jioni kocha akaja barazani na barua ya shule, bado ana saruji kwenye nyusi. Aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno, na alipofika mstari wa tano kidole kikasimama. Mwanafunzi asiwe ametimiza miaka kumi na minne siku shule inapofunguliwa. Nakala ya cheti ifike kabla ya Ijumaa saa sita.

"Si ana kumi na tatu huyu?" kocha akauliza.

Bi Futi alikuwa amekwisha kufungua daftari. Alijua ukurasa bila kuutafuta. Kumi, amezaliwa leo. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena kwa inchi za futi, kana kwamba futi ingekuwa na huruma kuliko vidole. Siku shule inapofunguliwa, Kufuli wa kwenye karatasi atakuwa na miaka kumi na minne na siku kumi na moja.

"Mama?" kocha akasema. "Mbona unahesabu tena?"

Akamwambia. Kocha hakumlaumu, na hilo lilimuuma zaidi. Alikaa kwenye ngazi, akafuta mikono yake iliyokuwa tayari imekauka, akampigia simu mwalimu wa shule ya michezo. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Alisema amemwona mtoto kwa macho yake na anaamini ni mdogo. Alisema pia kwamba mwaka juzi shule ilinyang'anywa kombe kwa sababu ya wachezaji waliodanganya umri, na sasa cheti kinakaguliwa na watu watatu, yeye si mmojawapo. "Nileteeni cheti kilichosahihishwa," alisema. "Hata Ijumaa saa tano na nusu. Nitakuwa mlangoni."

Jumatano asubuhi Bi Futi alivaa gauni la kwendea msibani, akachukua daftari, akaenda ofisi ya vizazi na vifo. Karani alikuwa yuleyule. Miwani ilikuwa mipya.

"Shikamoo, mama. Umetuletea wengine?"

"Marahaba, mwanangu. Leo nimeleta dhambi yangu."

Akaeleza yote, bila kupunguza wala kujipamba. Karani alianza kwa kutabasamu, kisha akainuka akafunga mlango. Akarudi akakaa, akaliweka daftari mbele yake bila kulifungua.

"Mama, uliapa kwamba yaliyomo humu ni kweli."

"Niliapa. Na ni kweli, isipokuwa mstari mmoja."

"Nani atajua ni mmoja?"

"Mimi!"

"Wewe ndiye unayesema uliandika uongo." Hakusema kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayemwonesha mwenzake shimo. "Nikifungua faili la mtoto huyu niandike kwamba ushahidi wake ulikuwa wa kubuni, faili linakwenda juu. Huko juu watauliza, daftari hili lilitumika kwa wangapi? Ishirini na wawili. Samaki mmoja akioza, mama, unajua mwenyewe. Watavisimamisha vyote mpaka uchunguzi uishe. Mwaka, miaka miwili."

Bi Futi akawaona, mmoja mmoja. Yule beki mrefu aliyeingia chuo cha uuguzi. Yule mwenye kigugumizi aliyepata leseni na sasa anaendesha gari la taka na kupiga honi kila akipita uwanjani. Pacha wawili wanaofanya mtihani wa taifa wiki tatu zijazo, kwa namba zilizotoka kwenye vyeti vile. Wote walipewa pipi, wote waliambiwa umezaliwa leo.

"Tazama vipimo basi," alisema, akafungua ukurasa kwa nguvu hata ukataka kuchanika. "Tazama bega hili. Tazama mkono. Mwanangu, mimi nimeshonea watoto miaka arobaini. Hili si bega la miaka kumi! Hili ni bega la tisa, tena tisa ya kubembeleza."

Karani akainama, akasoma kweli, inchi kwa inchi. Akageuza ukurasa, akasoma na wengine.

"Wote ni wadogo, mama," alisema. "Mtoto aliyelala na njaa hana bega la umri wake. Huu si ushahidi, na wewe unajua."

Alijua. Hilo ndilo lililomkata maini: alijua. Hata ile tisa yake alikuwa ameikisia tu, na huenda ilikuwa kumi kweli, na huenda ilikuwa nane.

"Kuna kipimo cha mifupa ya mkono, hospitali kuu," karani akaendelea, sauti imeshuka. "Lakini kinahitaji barua kutoka kwetu, na barua inahitaji faili kufunguliwa. Na foleni yake ni miezi mitatu."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa ni keshokutwa, mama."

Nje mtu alikuwa akibishana na mlinzi kuhusu pa kuegesha baiskeli. Karani akalisukuma daftari polepole mpaka likafika ukingo wa meza upande wa Bi Futi. "Mimi sijasikia kitu," alisema. "Umepita kunijulia hali. Nikisikia, itanibidi niandike. Amua wewe kama nimesikia."

Ukubwa ni jalala, walisema wahenga, kila takataka hutupwa kwako. Bi Futi alitazama jalada la bluu kwa muda ambao yeye mwenyewe hakuweza kuupima. Kisha akalitia kwapani, akamuaga karani, akamtakia kazi njema. Alipofika kwenye ngazi akakaa palepale katikati ya watu wanaopanda na kushuka, na mwanamke mmoja akadhani amefiwa, akamwambia pole.

Kufuli alimsubiri barazani, pini zote zimeokotwa. Bi Futi alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yakamkimbia. Akasema tu: "Ni mimi. Nilikuandika mkubwa kwa mwaka mmoja. Ulikuwa huruhusiwi kucheza, nikakuongeza." Akamweleza na la ofisi, na la wenzake ishirini na mmoja.

Mtoto alisikiliza huku akiwa amekunja mikono, kama anavyosikiliza kabla ya penalti.

"Ungeniambia nisubiri," alisema, "ningesubiri. Ningekaa tu pale nyuma ya goli."

"Najua, mwanangu."

"Hata mwaka. Sikuwa na pa kwenda."

Bi Futi akalia, mwanamke wa miaka sitini na tatu, mbele ya mtoto, na hakujificha. Kufuli akamtazama kidogo, akamletea kile kitambaa cha kufutia mafuta ya cherehani, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu.

"Sasa kweli nina miaka mingapi?"

"Sijui."

"Wewe ndiye unayejua umri wa watu."

"Sijui, mama yangu. Sikuwahi kujua. Nilikuwa nakisia."

Alhamisi kocha aliwachezesha watoto bila kipa. Ijumaa saa tano na nusu mwalimu mwembamba alikuwa mlangoni pa shule, kama alivyoahidi. Alipiga simu saa sita na dakika tano kusema amefunga orodha.

Saa tisa shangazi alikuja barazani, Kufuli nyuma yake, na kitambaa kimekunjwa ndani ya mfuko. Kilikuwa kitambaa kizuri, kizito, cha rangi ya majivu isiyoonesha uchafu. Wale watu wa mapacha walikuwa wametuma: wanataka msichana wao avae gauni la heshima, mikono mirefu.

"Naomba unishonee leo, mama," shangazi alisema, macho chini. "Gari linakuja asubuhi. Ningekwenda kwa fundi mwingine nisikuudhi, lakini yeye mwenyewe amekataa. Anasema wewe ndiye mwenye vipimo vyake."

Bi Futi akavua futi shingoni. Bega, kifua, urefu wa mkono. Mtoto alisimama wima kama alivyosimama miaka minne iliyopita, isipokuwa sasa alijua kuinua kwapa bila kuambiwa. Vipimo havikuandikwa. Daftari la bluu lilikuwa ndani, chini ya vitambaa, na Bi Futi alikuwa hana hamu ya kuliona.

"Mwachie nafasi," shangazi akasema. "Wamesema hawatashona jingine mpaka miaka miwili. Mwachie pindo la kutosha, akue nalo."

Mkasi ukasimama hewani. Bi Futi alitaka kusema hapana. Alitaka kulikata limbane, lipasuke makwapa baada ya miezi mitatu, wale watu waone aibu wamrudishe. Alifikiri hivyo kweli, kwa dakika nzima, mtu mzima na akili zake. Kisha akafikiri ni nani atakayevaa hilo gauni lililopasuka, mbele ya wageni, jikoni kwa watu, naye hana jingine. Akaacha pindo. Inchi nne chini, inchi tatu kwenye kila mkono, mshono mpana mbavuni. Mkono wake ulifanya kazi vizuri kama siku zote, na aliuchukia.

Jua lilipoanza kulegea gauni likawa tayari. Uwanjani wenzake walikuwa wakicheza. Kwenye goli la upande wa barabara alikaa kocha mwenyewe, mzito kama gunia, na kila dakika mpira ulipita. Hakuna aliyecheka. Kufuli akalivaa juu ya jezi yake. Lilimshuka mpaka kwenye vifundo vya miguu, mabega yakaanguka, mikono ya gauni ikapita vidole na kuendelea, ile mikono ya kipa ikapotea yote.

"Limetoka vizuri," shangazi akasema taratibu, na lilikuwa limetoka vizuri.

Mpira ukapita juu ya mwamba, ukaja moja kwa moja barazani. Kufuli akainua mikono bila kufikiri. Kitambaa kikagongana na kitambaa, mpira ukateleza kati yake, ukampiga kifuani, ukaangukia kwenye kapu la nyuzi. Akautazama pale chini. Akajaribu kukunja mkono mmoja wa gauni kwa mkono mwingine, na vidole havikupatikana. Bi Futi akapiga magoti amkunjie.

"Bibi," mtoto aliuliza, "nitalijaza lini?"

Bi Futi alimkunjia mkono wa kulia mara tatu, akaubana kwa pini, kisha wa kushoto. Akarudi nyuma hatua moja kwa magoti yake. Akafumba jicho moja, kwa mazoea, na lile jingine likawa limejaa maji hata hakumwona.